Imani Yako Inasomwa Kwenye Ratiba ya Zamu: Mwongozo kwa Mkristo Aliyepewa Kuongoza Watu Kazini

Jumapili umetoa shukrani. Umesimama mbele na familia, mchungaji amekuombea, kina mama wa kwaya wamepiga vigelegele kwa sababu umepewa cheo. Jumatatu saa mbili asubuhi watu 12 wanakutazama. Wawili kati yao walikitaka cheo hicho hicho. Mmoja ndiye aliyekufundisha kazi ulipoajiriwa. Wanne ni Waislamu, mmoja Msabato, na wote wanajua unasali wapi.

Hapo wengi wetu tunadhani imani itaonekana kwa kufungua kikao na sala, au kwa mstari wa Biblia uliobandikwa juu ya meza. Nimesimamia watu kwa miaka kadhaa Dar es Salaam, kwanza ghalani, baadaye ofisini, na nimejifunza baada ya kuumiza watu kwamba aliye chini yako haisomi imani yako hapo. Anaisoma kwenye ratiba ya zamu, kwenye fomu ya ovataimu, kwenye sauti uliyotumia kumsema mbele ya wenzake. Mwongozo huu unapita njia hiyo. Sheria ninazozitaja ni za Tanzania. Ukiwa nchi nyingine tafuta za kwenu, kwa maana kumtendea mtu haki huanza na kujua anachostahili.

Hatua ya kwanza: zunguka kabla hujasema lolote

Nehemia alipopata habari za Yerusalemu alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta. Alipokea habari hizo mwezi wa Kisleu, akaja kumwomba mfalme ruhusa mwezi wa Nisani: takriban miezi minne ya kufunga, kuomba na kufikiri. Alipofika mjini alikaa siku tatu kimya, kisha akatoka usiku na watu wachache kuukagua ukuta uliobomoka, bila kuwaambia wakuu alikusudia nini. Hotuba ilikuja baada ya ukaguzi. Ukuta wenyewe ulimalizika kwa siku 52.

Wewe jipe wiki mbili. Nunua daftari dogo. Kaa na kila mtu wa kitengo chako dakika 20, mmoja mmoja, na uanze na wale ambao bosi huwafikia mwisho: kibarua wa kutwa, mhudumu anayepika chai, dereva, mlinzi wa zamu ya usiku. Uliza maswali matatu tu. Nini kinakukwamisha kila siku? Uliahidiwa nini ambacho hujapewa? Ungekuwa wewe ndiye mimi, ungeanza na kipi?

Swali la pili ndilo zito. Nilipoliuliza mara ya kwanza, mzee mmoja wa ghalani alicheka, halafu akanyamaza, halafu akaniambia ana mwaka wa tatu anaahidiwa buti. Buti! Tulikuwa na watu wanaobeba mizigo kwa ndala huku sisi ofisini tukipanga semina ya motisha. Andika kila utakachoambiwa, na usiahidi chochote wiki hizo mbili. Ukishamaliza, chagua jambo moja dogo ulilo na uwezo nalo na ulitekeleze ndani ya mwezi. Yesu alisema ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo, na watu waliochoshwa na ahadi hawataamini ndiyo yako mpaka waione miguuni.

Hatua ya pili: nyoosha fedha na muda wa watu

Nikiombwa nichague hatua moja katika hizi zote, nitachagua hii. Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwako hadi asubuhi. Kumbukumbu la Torati 24 inatoa sababu: yule ni maskini, na moyo wake unautumainia ujira huo. Yakobo, karne nyingi baadaye, anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele mpaka masikioni mwa Bwana. Hakuna mahali katika mafungu hayo ambapo bosi anaulizwa kama alisali kabla ya kikao.

Nitasema langu. Mwaka wangu wa kwanza wa usimamizi niliongoza kikundi cha maombi cha mchana. Mwisho wa mwezi mmoja nilikuwa kwenye maandalizi ya mkutano wa injili, na fomu za ovataimu zikabaki kwenye droo yangu bila saini. Uhasibu walifunga malipo. Watu sita walikosa fedha zao hadi mwezi uliofuata. Mmoja wao alikuwa anadaiwa kodi ya chumba, na aliniambia bila hasira, jambo lililonichoma zaidi: "Bosi, siku ile ulikuwa unatuombea baraka." Niliomba radhi kwa kila mmoja, kisha nikaenda uhasibu kuomba walipwe malipo ya dharura. Nilikataliwa. Nikakopa nikamsaidia yule wa kodi. Tangu siku hiyo fomu zinasainiwa kila Ijumaa kabla ya saa sita, hata kama jengo linawaka moto.

Yajue kwa kichwa mambo haya yaliyo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Ovataimu hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Mtu anastahili kupumzika saa 24 mfululizo kila wiki, na ukimwita kazini siku hiyo, au siku ya sikukuu ya kitaifa, unamlipa maradufu. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo. Mama aliyejifungua ana siku 84 zenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba ana siku 3.

Soma tena orodha hiyo ukiwa na Amri ya Sabato mkononi. Kumbukumbu la Torati 5:14 inaeleza kusudi lake waziwazi: mtumwa wako na mjakazi wako wapumzike kama wewe. Anayeacha kufanya kazi Jumapili huku vijana wake wakipakia makontena bila malipo ya ziada hajaishika Sabato. Ameihifadhi kwa ajili yake peke yake.

Kwa vitendo, chora jedwali moja la mwaka mzima lenye majina yote na likizo zao, ulibandike panapoonekana. Ratiba ya zamu itoke siku saba kabla, na zamu za usiku na za sikukuu zizunguke kwa zamu ya haki, pamoja na wale unaoelewana nao. Kila mwezi chagua hati tatu za mishahara, kwa ruhusa ya wenyewe, mkae mhakikishe saa zilizofanyiwa kazi zimeingia na michango ya hifadhi ya jamii inapelekwa. Ukikuta kasoro, andika barua kwa mwajiri au afisa utumishi, ubaki na nakala.

Najua utasema: mimi si mwenye kampuni, mshahara siupangi. Ni kweli. Lakini saini yako unaipanga, ratiba unaipanga, na ukimya wako mbele ya mkurugenzi unaupanga pia.

Hatua ya tatu: msikilize Yethro

Kutoka 18. Musa anakaa tangu asubuhi hadi jioni akiamua mashauri ya watu, foleni haipungui, na mkwewe anamwambia jambo hili si jema, utajichosha wewe na watu hawa pia. Tunakumbuka nusu ya kwanza, bosi amechoka. Tunasahau kwamba watu waliokuwa foleni nao walichoka. Ukitaka kila karatasi ipite kwako kwa sababu "siwaamini bado", unayemtesa ni yule anayesubiri saini toka asubuhi.

Nani alitoa ushauri huo? Yethro alikuwa kuhani wa Midiani, mtu wa nje ya Israeli, na Musa, aliyesema na Mungu uso kwa uso, akamsikiliza na akafanya yote aliyoambiwa. Kwa hiyo usione aibu kujifunza uongozi kwa mtaalamu asiye wa imani yako, kwa somo la usimamizi, au kwa mwenzako Mwislamu anayeendesha kitengo chake vizuri kuliko wewe. Na wakati mwingine wa nje hufundisha kilicho chetu. Mmarekani Robert Greenleaf, baada ya kustaafu kampuni ya simu ya AT&T, aliandika mwaka 1970 juu ya kiongozi ambaye kwanza ni mtumishi, na vyuo vya biashara vimelifundisha wazo hilo tangu hapo. Sisi tulikuwa nalo katika Yohana 13, Yesu alipowaosha wanafunzi miguu kwa beseni na taulo.

Fanya hivi. Kwa wiki moja andika kila uamuzi unaofika mezani kwako. Ijumaa uugawe: unaopaswa kubaki kwako, unaoweza kuamuliwa na mtu mwingine akakuarifu baadaye, na usiohitaji kabisa kufika kwako. Fungu la pili litakushangaza kwa ukubwa. Kila uamuzi humo upe jina la mtu mmoja na mpaka unaoeleweka, kwa mfano: matengenezo ya gari hadi shilingi 200,000 unaamua mwenyewe, ukizidi hapo nipigie. Weka kwa maandishi na wajulishe wote, ili aliyepewa asidharauliwe.

Yethro alitaja sifa za wa kuchaguliwa: wenye uwezo, wamchao Mungu, wa kweli, wanaochukia mapato ya udhalimu. Uwezo umetajwa kwanza. Kumpa mtu madaraka kwa kuwa mnasali pamoja, huku kazi haijui, ni kuwaonea wote watakaomtegemea.

Hatua ya nne: namna ya kumkosoa mtu

Mathayo 18:15 inataka umwendee aliyekosa, wewe na yeye peke yenu. Kwa makosa ya kawaida ya kazi, fuata hivyo hivyo, na grupu la WhatsApp la kitengo lisiwe mahakama. Ukiandika humo saa nne usiku "kuna watu hapa hawajui kazi", watu 12 hawalali.

Mkae pembeni, mlango wazi kidogo. Taja tendo, madhara yake, kisha nyamaza usikilize. "Kaka, ripoti ya mzigo jana ilitoka saa kumi badala ya saa sita, magari matatu yakalala. Nieleze kilichotokea." Nyamaza kweli kweli. Mara nyingi utasikia jambo usilolijua: kompyuta iligoma, mtoto yuko hospitali, au wewe mwenyewe ulimpa kazi mbili kwa wakati mmoja. Akiwa amekuzidi umri, anza na shikamoo, na usiache kuamkia kwa sababu ya cheo. Nimeona vijana wenye shahada wakipoteza heshima ya kitengo kizima kwa kumwita mzee kwa jina lake tupu.

Kosa likijirudia au likiwa kubwa, ingia kwenye utaratibu rasmi na usiuruke kwa kisingizio cha upendo. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinataka mtuhumiwa aelezwe tuhuma, apewe muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48, na aruhusiwe kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mwenzake kazini. Hayo hayapingani na Injili. Nikodemo aliuliza katika Yohana 7 kama torati yao humhukumu mtu kabla ya kumsikia kwanza, na ndilo swali hilo hilo.

Kuna mambo mawili nataka kuyasema taratibu.

La kwanza ni msamaha. Aliyekutukana wewe, unaweza kumsamehe na kulimaliza. Aliyeiba fedha za ofisi, huna mamlaka ya kusamehe fedha zisizo zako. Unaweza kumtembelea, kumsaidia apate wakili au mwakilishi, kuhakikisha analipwa stahiki zake zote, na bado ukaandika ripoti ya kweli. Nimemwona bosi mlokole akimficha mwizi "kwa huruma", na aliyefukuzwa baadaye kwa upotevu ule alikuwa mtunza stoo asiye na hatia.

La pili ni zito zaidi. Binti akikuletea malalamiko kwamba mkubwa mmoja anamtaka kimapenzi au anamshika, usimwambie "mwendee kwanza wewe na yeye peke yenu". Fungu lile linasema juu ya ndugu na ndugu, na hawa wawili hawako sawa. Mmoja anashika mkataba wa mwenzake. Kumrudisha peke yake chumbani kwa anayemtesa ni kumtumia Yesu kulinda mkosaji. Msikilize, andika tarehe na maneno kama alivyoyasema, mwulize anataka nani ajue, ondoa ulazima wa wao kuwa zamu moja bila kumpunguzia yeye kipato, na upeleke suala hilo kwenye utaratibu rasmi. Hata kama anayetuhumiwa ni mzee wa kanisa lenu. Hasa akiwa ni mzee wa kanisa lenu.

Hatua ya tano: chai, undugu na kadi za michango

Samweli alipozeeka alisimama mbele ya Israeli yote akauliza: nimetwaa ng'ombe wa nani, nimepokea rushwa kwa mkono wa nani? Wakajibu, hukutudhulumu. Nehemia naye alikuwa na haki ya chakula cha liwali, akakiacha kwa miaka 12 kwa sababu mzigo ulikuwa mzito juu ya watu. Watanzania tuna kumbukumbu ya karibu zaidi: Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au kupangisha nyumba, na Mwalimu Nyerere, Mkatoliki aliyeishika imani yake, aliishi maisha ya kawaida akilinganishwa na viongozi wengi wa wakati wake.

Weka daftari la zawadi. Kila kinachotoka kwa mzabuni, hata kalenda na soda, kiandikwe na kionekane. Bei zitoke kwa wazabuni watatu na zifunguliwe na watu wawili. Jamaa yako akiomba kazi, andika barua ya kutangaza uhusiano huo na usikae kwenye usaili wake.

Shinikizo kubwa, kwa uzoefu wangu, hutoka kwa watu tunaowapenda. Mzee wa usharika atakushika mkono baada ya ibada: "Mwanangu, kijana wangu amemaliza chuo, Mungu amekuinua kwa kusudi." Jibu kwa heshima, siku hiyo hiyo, bila kuzunguka: "Shikamoo mzee. Nafasi zikitoka nitakutumia tangazo, na kijana nitakaa naye Jumamosi nimsaidie kuandaa barua na kujibu usaili. Kumwingiza mwenyewe sitaweza, maana nitakuwa nimemnyang'anya mtoto wa mwingine." Kisha kweli ukae naye Jumamosi. Ukikataa mlango wa nyuma bila kumsaidia kufikia wa mbele, mzee atabaki na neno moja tu, kwamba cheo kimekulevya.

Na kadi za michango. Usimpe aliye chini yako kadi ya harusi ya mdogo wako wala bahasha ya ujenzi wa kanisa. Utasema ni hiari. Kwake yeye, anayesubiri umjazie fomu ya tathmini mwezi wa sita, hakuna hiari hapo.

Hatua ya sita: sali, lakini usiwasalishe

Sali nyumbani au ndani ya gari kabla hujaingia, ukiwataja watu wako kwa majina. Kikao kikiwa na desturi ya kufunguliwa kwa sala, tumieni zamu za dini zote, au dakika moja ya ukimya kila mtu na yake. Usiwaalike kwenye kikundi chako cha Biblia watu unaowapima. Akija mwenyewe, karibu, na asiyekuja asione tofauti katika zamu wala posho. Sheria ya 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya dini, na Yakobo 2 ilishakataza upendeleo kabla yake.

Kisha panga ratiba kwa kuwakumbuka. Ijumaa kati ya saa sita na saa nane mchana usiweke kikao. Ramadhani, mizigo mizito iwe asubuhi, na anayefunga asikae zamu inayomkosesha futari. Msabato asipangwe kuanzia jua la Ijumaa likizama, naye atachukua zamu ya Jumapili kwa furaha, ukimwuliza. Haya yanakugharimu nusu saa ya kupanga. Mwenzangu mmoja Mwislamu aliniambia miaka miwili baadaye kwamba alianza kuniuliza habari za Yesu kwa sababu ya saa ile ya Ijumaa. Sikuwa nimewahi kumhubiria.

Hatua ya saba: mwache mwingine asimame

Katika Hesabu 27 Musa anaambiwa amwekee Yoshua mkono mbele ya mkutano wote na kumpa sehemu ya heshima yake, ili watu waanze kumtii. Musa alikuwa bado yu hai, bado kiongozi. Mabosi wengi tunaficha kazi ili tusiondolewe, na siku tukiugua kitengo kinasimama.

Fungua faili la makabidhiano leo, ukiwa bado kazini: kazi za kila wiki na kila mwezi, wazabuni na simu zao za ofisi, mambo yaliyoahidiwa watu na tarehe zake, makosa uliyofanya na ulivyoyarekebisha. Chagua mmoja mwenye uwezo, aongoze kikao cha Jumatatu mara moja kwa mwezi huku wewe ukiandika muhtasari. Akikosea mbele za watu, msahihishe mkiwa wawili.

Halafu chukua siku zako 28. Mkabidhi funguo na mipaka ya mamlaka kwa barua yenye nakala kwa afisa utumishi, zima simu ya kazi, nenda nyumbani. Utakaporudi, kabla hujauliza habari za hesabu, muulize watu walimwomba nini ambacho wewe hawakuwahi kukuomba. Uwe na lile daftari mkononi.